Tupeane uzoefu: baiskeli yako ya kwendea kazini umeibadili nini mpaka ikakukubali?

Mwanatabata

Wakuu, habari za jioni. Tangu Februari mwaka jana nimeachana na daladala. Natoka Tabata hapa Dar, nakamata barabara ya Mandela, Buguruni Sheli naingia ya Uhuru, Ilala Boma, Karume, Mnazi Mmoja, mpaka Posta. Kama kilomita 10 hivi. Mambo ya kitambi na presha tuyaache, yana nyuzi zake. Hapa nataka tuongelee chombo chenyewe.

Baiskeli yangu ni ya Kijapani, mtumba, ile yenye kapu mbele na kufuli ya pete kwenye gurudumu la nyuma. Muuzaji alinishushia siti mpaka nyayo zote mbili zikagusa chini, akasema "bosi, hapo umekaa kama mfalme". Nikaondoka nayo hivyo hivyo. Wiki ya pili magoti yakaanza. Kwenye tambarare yananisamehe, ila ngazi za ofisini nilikuwa napanda nimeshika ukuta. Nina miaka 47, nikajua ndiyo uzee umebisha hodi. Nikanunua dawa ya kuchua.

Siku moja nimesimama Buguruni kwa fundi, mzee mmoja anayekaa chini ya mwarobaini na beseni lake la maji ya kutafutia pancha. Nilikwenda kujaza upepo tu. Akanitazama ninavyoondoka, akaniita nirudi. "Baba, wewe unaendesha au unachuchumaa?" Akanikalisha kwenye siti, akaishika baiskeli, akaniambia niweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Goti langu lilikuwa limekunjwa kama ninakula mkekani. Akasema mguu unatakiwa unyooke kabisa ukikanyaga kwa kisigino. Halafu unapoendesha unakanyaga kwa mbele ya unyayo, goti linabaki na mkunjo mdogo tu.

Shida ikawa bomba la siti ni fupi, lile lenye alama ya mwisho wa kupandisha, na ukiivuka alama unatafuta kuvunja fremu. Akanitafutia refu kwenye mabaki yake. Lilikuwa jembamba kidogo kuliko tundu, siti inashuka yenyewe njiani. Akakata kipande cha kopo la soda, akalizungushia bomba, akaligongea ndani, akakaza. Kipande kile kipo mpaka leo. Magoti yalitulia ndani ya siku nne, na dawa ya kuchua nikampa mama mkwe.

Nilimlipa 5,000 kwa kazi yote, bomba likiwemo. Kabla ya hapo nilishaanza kuulizia bei ya baiskeli yenye gia 21. Ndiyo maana naanzisha uzi huu. Watu wanakimbilia gia wakati siti yenyewe hawajaipandisha. Leteni yenu.

Jiwe la Bugando

Mkuu, hapo kwenye gia nakupinga kidogo. Dar yenu ni sahani. Njoo Mwanza.

Ila nami sikununua gia, nilibadili friwili, ile duara ya meno ya nyuma inayovutwa na cheni. Yangu nayo ni ya Kijapani, gia moja. Mbele meno 32, nyuma meno 14. Kwa mji wa mawe huu ilikuwa adhabu, nashuka nasukuma huku watoto wa shule wananipita kwa miguu na kunipa shikamoo. Nikaenda kwa wauza vipuri nikatafuta friwili ya meno 18, zile wanazofungia baiskeli za Phoenix. Uzi wake wa kukazia, kama wa skrubu, ni ule ule, ikaingia bila ubishi. Cheni ikapungua, nikaongeza pingili mbili.

Hesabu kwa wanaopenda hesabu: zamani mzunguko mmoja wa pedeli ulinipeleka karibu mita 4.7, sasa unanipeleka mita 3.7. Kwenye tambarare nachapa miguu kama cherehani, watu wanacheka. Kwenye mlima sishuki tena.

Kota Pini

Friwili umeifungua na nini? Mimi yangu imekula uzi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, fundi kapiga patasi mpaka kaharibu kila kitu.

Jiwe la Bugando

Kuna kifaa chake, kinaingia kwenye yale meno ya ndani au zile pengo mbili, kinabanwa kwenye jiliwa, halafu unazungusha gurudumu zima kama usukani wa lori. Fundi akishika patasi na nyundo, chukua baiskeli yako uondoke. Na kabla ya kufunga mpya paka grisi kwenye uzi, utanikumbuka siku ya kuifungua.

Tukiwa hapo hapo kwenye nyuzi: pedeli ya kushoto inafunguka kinyume. Yaani unazungusha kuelekea upande ambao kila skrubu nyingine duniani inakazwa. Mimi niliing'ang'ania nusu saa na spana namba 15 nikizidi kuikaza, mpaka mke wangu akauliza kama nagombana na mtu.

Bi Mkubwa wa Darajani

Assalamu alaykum. Naona nyuzi zote hizi ni za wanaume na suruali zao. Nami nichangie.

Mimi ni mwalimu, Unguja, naenda skuli na baiskeli kila siku na baibui langu. Ya kike, isiyo na bomba la juu, hiyo haina mjadala. Lakini mwaka wa kwanza niliharibu mabaibui mawili. La kwanza lilikamatwa na cheni, lile la pili na gurudumu la nyuma, na hilo la pili nusura liniuwe. Upepo wa kusi ulilipeperusha pembeni, likaingia kwenye spoku, nikahisi navutwa kwa nyuma kama mtu kanikamata. Nilianguka mbele ya darasa langu zima la tatu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nilichofanya: kwanza boksi la cheni. Baiskeli hizi za Kijapani nyingi zinakuja nalo, ila mafundi hulitoa kwa sababu linawachelewesha kazi. Usikubali. Mimi nilimwambia fundi, ukilitoa utalirejesha mbele yangu. Pili, gurudumu la nyuma nimelivisha. Nilichukua wavu wa madirisha, ule wa mbu, nikaukata kwa umbo la nusu mwezi pande zote mbili kuanzia madigadi mpaka kwenye ekseli, nikaupindia ukingo kwa cherehani, nikaufunga kwenye madigadi na karia kwa uzi wa nailoni. Upepo unapita, baibui halipiti. Mwanzo nilitumia kiroba cha mchele. Kilikuwa imara lakini upepo wa ubavuni ulinisukuma kama tanga la ngalawa.

Jambo la tatu si la nguo. Sisi tulio karibu na bahari chumvi inakula chuma usiku tukilala. Watu wanapaka cheni oili chafu ya gari. Inang'ara siku mbili, halafu inashika mchanga inakuwa msasa, inasaga meno. Mimi nafuta cheni kwa kitambaa kila Ijumaa, natia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye kila pingili, nazungusha, nafuta tena ya nje yote. Cheni yangu ina miaka mitatu.

Kota Pini

Bi Mkubwa shikamoo. Huo wavu tupigie picha.

Bi Mkubwa wa Darajani

Marahaba. Baiskeli nitaipiga. Mimi simo kwenye picha.

Mtu wa Nyali

Mie niko Mombasa, nakaa Kisauni, kazi yangu ni kisiwani, kwa hivyo Daraja la Nyali ni langu asubuhi na jioni. Ninayo Black Mamba ya marehemu baba. Chuma kizito, breki za vyuma, zile fimbo zinazoteremka kutoka usukani na kuvuta mpira kwa ndani ya rimu. Kukiwa kukavu zafanya kazi. Kukinyesha, rimu ya chuma ikilowa, waweza kuvuta breki na kusoma Alfatiha ukamaliza kabla haijasimama.

Nilitaka kuweka habu ile ya kukanyaga pedeli kinyume ndiyo ishike breki. Breki iko ndani ya habu, mvua haiifikii. Nikainunua kwanza, ndipo nikaenda kwa fundi. Fundi akahesabu matundu. Rimu yangu ya nyuma ina matundu 40, habu niliyonunua ina 36. Haziowani hizo hata umlete kadhi. Ikabidi ninunue na rimu ya 36 na spoku mpya, nikalipa gurudumu zima. Kwa hivyo ndugu zangu, hesabuni matundu kabla ya kutoa pesa. Lakini sijuti. Siku hizi natelemka darajani kwenye mvua na mguu wangu mmoja waniambia nitasimama wapi.

Ya baba sikubadilisha kitu kingine. Hata kengele ni ile ile, ina mlio wa kuamsha kijiji.

Tanga Line

Mimi natokea Tanga ila sasa niko Ujerumani, nachangia kwa ufupi. Huku taa ni sheria: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, viakisi mpaka kwenye pedeli, na kengele. Baiskeli nimeendesha tangu nina miaka sita, nikadhani sina cha kujifunza. Wiki ya kwanza bibi mmoja alinifokea kwa sababu nilikata kona bila kunyoosha mkono.

Ninachotaka kuwaambia ni breki. Baiskeli nyingi za huku, breki ya mkono wa kulia ni ya nyuma. Za Japani, mkono wa kulia ni wa mbele. Nilipokuja likizo Tanga nikaazima ya shemeji, ya Kijapani. Mbuzi akakatiza, nikabana kulia kwa nguvu zote kama nilivyozoea. Gurudumu la mbele likasimama, mimi nikaendelea. Kwa kuwa mitumba inakuja kutoka kote kote, ukinunua baiskeli, kabla ya lolote, jaribu kila breki ujue inashika wapi. Ukitaka kuzigeuza, ni waya mbili tu kubadilishana mikono.

Mlinzi Mstaafu

Nimefanya kazi ya ulinzi miaka mingi, nimeona baiskeli zinavyoondoka. Kufuli ya pete inazuia gurudumu kuzunguka, haizuii baiskeli kubebwa begani. Funga mnyororo kwenye nguzo, upite kwenye fremu NA gurudumu. Ile siti ya kufungua kwa kishikizo bila spana, ibadilishie nati. Kijana mmoja pale nilipokuwa aliibiwa siti tu, akaendesha amesimama mpaka Mbagala.

Na kuna ujanja huu: kwenye bolti za tundu la pembe sita, ingiza gololi ndogo kwa nyundo, juu yake gundi. Mwizi hana muda wa kuchokonoa gololi.

Kota Pini

Na wewe siku ukitaka kufungua?

Mlinzi Mstaafu

Unachokonoa. Ni yako, muda unao.

Mwanatabata

Asanteni sana. Bi Mkubwa, habari ya oili chafu umenishika, nilikuwa mfuasi mkubwa.

Niongeze na langu la pili, maana limenigharimu Jumamosi nzima. Tairi la mbele liliisha, limeandikwa 26. Nikaenda Kariakoo, nikasema nipe 26, nikapewa 26, jipya, zuri, lina meno kama la trekta. Kwa mzee wa mwarobaini likagoma. Tulilivuta na vijiko vitatu, akaja na jirani wa kuchomelea, likagoma. Mzee akachoka, akakaa, akavaa miwani, akasoma ubavuni. Langu la zamani lilikuwa na maandishi madogo, 37-590. Lile jipya 54-559. Akaniambia namba ya baada ya kistari ndiyo ya kusoma, ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Yote yanaitwa 26, lakini yamepishana milimita 31. La kwanza ni la hizi za Kijapani za mjini, la pili ni la baiskeli za milimani. Na Phoenix kubwa, ile 28, ni 635. Tangu siku hiyo nimeandika 590 kwa rangi nyeupe kwenye fremu, chini ya siti, nisije nikasahau.

Madigadi nimebakiza zote mbili, na ile ya nyuma nimeongezea kipande cha tyubu ya gari kining'inie mpaka karibu na lami. Kabla ya hapo, masika, nilikuwa nafika ofisini na mstari wa tope mgongoni kama pundamilia. Begani sibebi kitu tena. Kwenye karia nimefunga kreti ya soda kwa mipira ya tyubu, ndani nimetandika godoro la mtoto lililochanika, juu naweka kompyuta ndani ya mfuko wa turubai. Shati la kazini nalikunja gazetini. Nafika saa moja kasoro, najimwagia maji chooni, mlinzi wa jengo ambaye mwezi wa kwanza alinikatalia kuegesha sasa ananiwekea nafasi kando ya jenereta.

Taa bado inanisumbua. Dinamo ile ya kusugua tairi inazima nikisimama kwenye foleni, na ndipo ninapohitaji kuonekana. Nimefunga taa ndogo nyekundu ya kuchaji nyuma ya kreti. Mwenye kitu bora aseme.

Jiwe la Bugando

Funga mbili. Moja kwenye kreti, moja kwenye kofia. Ya chini inazibwa na bampa za magari.

Kota Pini

Swali la mwisho kwa mtoa mada. Hilo tairi la 590 hatimaye ulilipata wapi? Nimezunguka Kariakoo yote naambiwa nisubiri kontena.

Mwanatabata

Kwa yule yule aliyeniuzia baiskeli. Alilichomoa kwenye nyingine aliyokuwa anaiuza. Ukipita dukani kwake ukaona moja nyekundu haina tairi la mbele, usiulize sana.