Kamera mpya, programu ya zamani: RAW zilipokataa kufunguka ulifanyaje? Tupeane uzoefu (Mbeya, Iringa, Njombe)

Wakuu, habari za majukumu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na sendoff hapa Soweto, Mbeya. Ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza kwa Canon EOS R6 niliyoidunduliza miaka miwili. Nikapiga RAW tupu (faili ghafi za kamera, bila JPEG), fremu mia nane na ushee. Saa sita usiku nachomeka kadi kwenye laptopu, Lightroom 6, programu yangu ya kuhariri picha, inanijibu kwamba faili hazisomeki: ama haizitambui, ama zimeharibika. Hilo neno "zimeharibika" lilinitoa jasho, na baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Mama mzazi wa binti alishanitumia ujumbe, anaomba picha tano tu za kuweka kwenye grupu la familia.

Nilikesha. Kadi ilikuwa nzima kabisa, shida ilikuwa tarehe. Lightroom 6 ilitoka 2015 na sasisho lake la mwisho, 6.14, lilikuja Desemba 2017. R6 imetoka 2020. Halafu Canon walikuwa wameshaiacha CR2, aina yao ya zamani ya faili za RAW, na kuingia CR3, tangu kamera ya M50 ya 2018. RAW bado haijawa picha. Ni vipimo vya mwanga kutoka kwenye kihisi cha kamera, na kila modeli inavipanga kwa namna yake. Programu isiyofundishwa modeli hiyo haina pa kuanzia.

Kilichoniokoa ni DNG Converter ya Adobe, ambayo ni ya bure. Niliipa folda nzima, ikanitolea DNG, aina ya RAW ya Adobe ambayo programu nyingi huisoma, na Lightroom ikazipokea kama ilivyokuwa ikipokea za 60D yangu ya zamani. Nilibakiza kidogo sana nimpigie yule mama nimwambie picha zimepotea. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Yaliyokukuta tueleze, na ulitokaje.

Mdau wa Mafinga

Mkuu, wewe ulikesha, mimi nilikimbilia kwa fundi. Ilikuwa kipaimara, watoto thelathini na mbili. Kompyuta ilipokataa nikaamini kadi imekufa. Fundi naye akaamini. Akaifomati ili arudishe faili kwa programu ya kufufulia, zikarudi kama nusu. Faili hazikuwa na ugonjwa wowote kabla ya hapo! Nimezunguka kwa wazazi nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na wapo ambao hadi leo nikikutana nao stendi nainamisha kichwa.

Siku hizi kitu cha kwanza narudisha kadi kwenye kamera na kuangalia picha huko. Zikionekana vizuri, situlii kabisa, kwa sababu ndani ya RAW kuna JPEG ndogo na kamera huonyesha hiyo. Lakini najua kadi inasomeka. Nanakili kila kitu sehemu mbili, ndipo naanza kutafuta mchawi kwenye programu. Kufomati ni mwiko mpaka mteja awe na picha zake mkononi.

Dada wa Kihesa, Iringa

Pole sana kaka wa Mafinga.

Mimi natumia Photoshop CS6, niliinunua na ninaipenda. Camera Raw yake, yaani sehemu inayosoma RAW, iliishia 9.1.1 mwaka 2015, na kamera yangu ni Nikon Z50 ya 2019. Kwa hiyo kila kazi inapita DNG Converter kwanza. Nawaachia mambo mawili yaliyonisumbua, yasiwapotezee siku kama mimi.

Kwanza, ile programu inataka uchague folda. Ukiingia ndani ya folda ukitafuta picha mojamoja utaona patupu, na utadhani imeharibika. Chagua folda kwa nje, uiache yenyewe.

Pili, na hili ndilo kubwa: kwenye mapendeleo yake kuna sehemu ya kuchagua DNG iendane na toleo gani. Usiiache ilivyokuja. Mimi wa CS6 nachagua Camera Raw 7.1 na kuendelea. DNG nayo ina matoleo, ukitengeneza jipya mno unaweza kurudi palepale ulipoanzia.

Mpigapicha wa Tukuyu

Mmenifungua macho, ila mimi nimekwama hatua ya nyuma zaidi. Laptopu yangu ni Windows 7 na DNG Converter mpya haikubali kukaa humo. Programu za bure za watengenezaji wa kamera, matoleo mapya, nazo hivyohivyo.

Kwa sasa nachagua picha zangu kama sitini, napanda gari hadi Mbeya kwa rafiki mwenye mashine mpya, ananitolea TIFF za biti 16, yaani picha zilizokwisha chakatwa bila kubanwa. Zinafunguka popote. Ila uzito! Megapikseli 24, rangi tatu, baiti mbili kila rangi, ni kama MB 144 kwa picha moja. Sitini zinapita GB 8. Na ukishatoa TIFF, ule uhuru wa RAW wa kurudisha mwanga uliopotea kwenye shela umepungua sana.

Siku mteja akiwa na haraka ya picha chache, nafanya ndani ya kamera yenyewe. Ina menyu ya kuchakata RAW kuwa JPEG, unarekebisha mwanga na rangi kidogo, unamrushia kwenye simu. Hata mleta uzi angeweza kumtuliza yule mama usiku uleule.

Mdau wa Makambako

Kuna njia ya mkato. D3500 yangu ilikataliwa na Lightroom 6, nikatumia ExifTool, programu ya kuhariri taarifa zilizomo ndani ya faili za picha, kubadili jina la modeli ndani ya nakala za faili, nikaandika D3400. Zikafunguka, maana hizo mbili zinafanana mno. Nilipojaribu ujanja huohuo kwa kamera ya shemeji ambayo haina ndugu wa karibu, ngozi za watu ziligeuka zambarau. Kwa kazi ya kulipwa siishauri.

Nikishabadili kwenda DNG nafuta RAW. Diski hazitoshi.

Dada wa Kihesa, Iringa

Kaka, hapo kwenye kufuta nakukatalia kwa moyo wote. Programu ya Canon haifungui hiyo DNG yako, ya Nikon vilevile. Siku ukitaka rangi za mtengenezaji mwenyewe utakuwa umeshafunga mlango. Tafuta diski ya nje, hata iliyotumika, uziweke humo.

Kijana wa Njombe mjini

Mimi nilihamia darktable, programu ya bure ya kuhariri RAW. Miezi miwili ya mwanzo nilitamani kuiacha, imepangwa tofauti kabisa na Lightroom. Sasa nimeizoea na CR3 inafungua. Kulipia programu kila mwezi kwangu haiwezekani: Kwaresma nzima harusi hakuna, ila makato yangeendelea.

Mleta uzi

Nimesoma zote. Mdau wa Mafinga, hiyo ya kipaimara imeniuma. Picha nimeshakabidhi, ngozi zilikuja na unjano kidogo, nikarekebisha fremu moja ya ukumbini na kuinakili kwa zote zilizopigwa chini ya taa zilezile. Kuanzia kazi ijayo napiga RAW na JPEG pamoja.

Mpigapicha wa Tukuyu, acha kupanda gari kwa ajili ya TIFF. Mimi niko Mwanjelwa kila siku isipokuwa Jumapili. Njoo na diski yenye RAW zote na uniambie Lightroom yako ni toleo gani. Tunaziweka kwenye DNG za toleo hilo, unaondoka nazo siku hiyohiyo.

Mpigapicha wa Tukuyu

Ni Lightroom 5, mkuu. Nakuja Jumatano.