Ushauri: nitunzeje sauti za vikao vyetu kuhusu wanaume na haki za wanawake?

KatibuMsaidizi: Habari za jioni wakuu. Nipo Ilemela, Mwanza, mwaloni. Kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa walitukaribisha wanaume wachache kwenye vikao vyao. Mjadala ulikuwa mmoja: mwanaume kwenye harakati za wanawake aongoze, asaidie, au akae asikilize? Nimerekodi karibu vikao vyote kwa simu, na sasa simu inazima yenyewe. Nihifadhi wapi? Na kuna ubaya nikipunguza sehemu zisizo na maana?

Sangara_Mkavu: Kidume mzima unashinda kwenye vichanja vya dagaa. Hamsini kwa hamsini hiyo. Nipo pale nimekaa, karanga mkononi.

DadaPasiansi: Hamishia kwenye kompyuta na flashi mbili, moja akae nayo mwekahazina wao, siyo wewe. Kila faili andika tarehe na waliozungumza. Sasa hizo "zisizo na maana" ni zipi?

Mzee_wa_Nansio: Haya si mageni Mwanza. Februari 1990, Mahakama Kuu hapa, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza. Mtu wa ukoo wake akapinga: mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo ni ubaguzi, haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Kijiwe chetu cha kahawa kiligawanyika, watu wakanuniana wiki nzima. Kuna jamaa alimsifu jaji mpaka sauti ikamkauka, lakini mabinti zake hakuwapa hata tuta la viazi. Maneno yale yote yamepotea.

DadaPasiansi: Shikamoo mzee. Ila kila mtu anamtaja jaji. Holaria asingethubutu kuuza, jaji angeamua nini? KatibuMsaidizi, swali langu bado.

KatibuMsaidizi: Ni kipande kifupi tu. Usiku ule giza, ukumbi umejaa wavuvi wa dagaa, mama mmoja akasimama akasema mimi nahubiri usawa huku kiwanja tulichonunua na mke wangu kina jina langu peke yangu. Hilo ni la familia, halihusiani na mada.

Furu: Mama mmoja nani?

KatibuMsaidizi: Mama watoto.

Sangara_Mkavu: 😂😂😂

DadaPasiansi: Hiyo ndiyo mada yenyewe! Vingine vyote ni salamu.

KatibuMsaidizi: Sifuti, natenga. Kijana wa stesheneri keshaanza kukata. Na kiwanja niliandika jina langu kwa sababu mwenyekiti wa mtaa alikuwa na haraka.

Wakili_Msomi: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako. Usije ukasema hukuambiwa.

KatibuMsaidizi: Nani kasema nauza?

Mvuvi_Mstaafu: Hii chai. Giza limeingia halafu wavuvi wa dagaa wamejaa ukumbini? Giza ndiyo kazi, taa zote ziko majini. Wanakaa nchi kavu kukiwa na mbalamwezi. Huyu mwalo anausikia redioni.

Furu: Tena yenye tangawizi. Nilishangaa mwenyekiti wa mtaa mwenye haraka.

KatibuMsaidizi: Giza la umeme kukatika mkuu! Mwezi ulikuwa unawaka. Tuliwasha karabai, inasikika kabisa mtu akiipampu.

Mvuvi_Mstaafu: Siku hizi dagaa wanavuliwa kwa taa za sola, karabai umeitoa wapi?

KatibuMsaidizi: Ya marehemu baba.

Mzee_wa_Nansio: Karabai bado zipo. Mimi ninayo.

DadaPasiansi: Acheni karabai. Ndugu, rudi kwa kijana uchukue faili zima kabla hajalikata lote. Zile sauti ni za akina mama, waulize wao kipi kitoke na kipi kibaki. Ukianza na aliyesema la kiwanja.

KatibuMsaidizi: Yeye kaniambia nisiguse hata sekunde. Ndiyo maana nimekuja huku.

Furu: Kiwanja kiko upande gani? Naulizia bei tu.