Mninga na mkongo: msumeno wa mkanda au dingdong?

Mpasuaji_Liwale
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninatarajia kupasua magogo ya mninga na mkongo huku Liwale, na fedha niliyo nayo inatosha ama msumeno mdogo wa mkanda ama dingdong (mashine ya msumeno wa duara) mbili zilizokwisha kutumika. Ninaomba mnilinganishie kwa kigezo kimoja tu: ni mashine ipi itakayotoa mbao nyingi zaidi katika gogo lilelile?

FundiMasasi
Ndugu yangu, anza na upana wa njia ya msumeno, yaani sehemu ya gogo inayogeuka vumbi kila unapopasua. Mkanda hula takribani milimita 3, dingdong kama 7, na chenso (msumeno wa mnyororo) hufika 10. Gogo lililokwisha kuondolewa mabanzi (vipande vya nje visivyotoa ubao) na kubaki na kimo cha sentimita 30, likipasuliwa mbao za milimita 25, litatoa mbao 10 kwa mkanda, 9 kwa dingdong na 8 kwa chenso. Kwa bei ya mninga, ubao mmoja si wa kudharau.

Kilwa_Magogo
Hesabu ya FundiMasasi ni sahihi iwapo mkanda unakwenda umenyooka. Mkongo uliokauka ni mgumu, na mkanda ukianza kuwa butu huyumba, ubao ukatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, hata mpasuaji akalazimika kupasua milimita 28 ili seremala apate pa kupiga randa. Kwa unene huo gogo lilelile linatoa mbao 9, sawa na dingdong. Asiye na mnoaji mzuri na mikanda ya akiba asiuguse.

MamaMbao_Mtwara
Wanangu, mnabishania milimita wakati mninga wetu una vigosho. Gogo la mita 4.2 lililopinda kama upinde, ukilikata katikati, kina cha kigosho katika kila kipande hubaki robo tu ya kile cha gogo zima, na mita 2.1 inatosha miimo ya milango na vitanda, ambavyo ndivyo wateja wangu wengi wanavyoagiza. Mabanzi yanayookolewa hapo yaweza kuwa mengi kuliko vumbi la mashine. Tena ncha zipakwe rangi siku ileile ya kukata, maana zikipasuka unapoteza urefu wa kila ubao.

Mpasuaji_Liwale
Shikamoo Mama, nami wateja wangu ni maseremala wa vitanda. Kaka wa Kilwa, huko mnanoa mikanda wenyewe au mnaipeleka mjini?

Kilwa_Magogo
Tunanoa wenyewe, na mashine ya kunolea tuliinunua kabla ya msumeno.