Saratani ya ubongo ikirudi: ni haki mgonjwa kurushiwa shilingi?

Dada wa Tandika
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mdogo wangu yuko Boston mwaka wa kumi na moja huu. Mwaka jana alikutwa na glioblastoma, hii saratani ya ubongo iliyomuua Seneta McCain wa Marekani. Akapasuliwa, akapigwa mionzi, akameza vidonge vya saratani vya temozolomaidi, uvimbe ukatulia. Februari ukarudi. Sasa kaingizwa kwenye majaribio ya dawa zinazoamsha askari wa mwili waishambulie saratani. Kompyuta ikagawa watu: hawa dawa mpya, hawa dawa ya siku zote. Yeye kaangukia ya siku zote. Naomba tujadili bila kejeli. Mtu anayehesabiwa miezi, ni haki arushiwe shilingi? Kwa nini hiyo kingatiba wasipewe wote?

Bwana Kisu
Pole dada. Lakini tusidanganyane, mzungu hatoi cha bure. Walikuwa wanatafuta panya wa maabara, wamempata.

Nesi wa Minneapolis
Pole sana dada. Hiyo "ya siku zote" isikuvunje moyo. Kuna jaribio liliitwa CheckMate 143, wagonjwa 369, wote saratani imewarudia kama mdogo wako. Nusu walipewa nivolumabu, ndiyo dawa ya kinga, nusu bevasizumabu, ndiyo dawa ya zamani. Sisi wa wodini tuliapa nivolumabu itashinda, maana kwenye melanoma, saratani ya ngozi, ilikuwa imefanya maajabu. Matokeo yalipotoka 2017, nusu ya watu wa nivolumabu walikuwa wamefariki ilipofika miezi 9.8. Wa bevasizumabu miezi 10.0. Sare kavu. Na waliopunguziwa uvimbe walikuwa wengi zaidi upande wa dawa ya zamani. Bila hilo kundi la pili, leo tungekuwa tunawauzia watu nyumba zao walipie dawa isiyowaongezea hata wiki.

Dada wa Tandika
Bwana Kisu, mdogo wangu si panya. Karatasi za idhini alizisoma mwenyewe siku mbili, akasaini kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umelegea. Saini imepinda kama ya mtoto wa chekechea, lakini ni yake. Panya hasaini.

Bwana Kisu
Nilisema panya kisayansi, si kwa tusi. Mnapenda sana kununa.

Mwalimu Mstaafu
Naomba kuchomekea jambo dogo la lugha. Mleta mada kaandika "kingatiba". Kingatiba ni zile dawa za matende, minyoo na kichocho wanazogawiwa watu ambao hata hawajapimwa, ili ugonjwa usisambae. Hii ya kwenye saratani ni *tiba ya kinga*, yaani kinga ya mwili ndiyo inayotibu. Ukizichanganya unaweza kumfanya mtu adhani mgonjwa anachanjwa asiugue, na yeye ameshaugua.

Kijana wa Msamvu
Mwalimu, hilo neno nikilisikia natapika. 2008 nilikuwa darasa la tano Morogoro. Tulipangwa mstari, tukapimwa urefu kwa mti uliochorwa alama, vidonge kulingana na urefu. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, midonge mikubwa michungu. Sikuwa nimekula kitu. Nusu saa haijapita wenzangu wanaanguka mmoja mmoja. Wazazi wakaja na marungu wanasema watoto wamefanyiwa majaribio. Polisi wakaitwa. Ndiyo maana nikisikia "majaribio" namwelewa Bwana Kisu.

Mama Wawili
Mwanangu wa Msamvu, mimi mwaka huo nilikuwa mwalimu mkoa huohuo na ndiye niliyeshika huo mti. Ile dawa haikuwa ya majaribio, ilikuwa imetumika miaka mingi. Shida ilikuwa uji. Dawa ile inataka tumbo lenye chakula, na sisi tulipewa vidonge bila kupewa unga.

Kijana wa Msamvu
Sasa mwalimu wangu, kama mlijua inataka chakula mlitumezesha ya nini?

Mama Wawili
Tuliambiwa leo ndiyo siku. Nani angekataa?

Pwani Moja
Jamani, tumetoka kwenye ubongo tumeingia tumboni. Nirudi Mombasa nikalale au mjadala upo? Dada, kuna profesa wa Australia anaitwa Richard Scolyer, bingwa wa melanoma. 2023 alikutwa na hiyohiyo glioblastoma. Wenzake wakampa dawa za kinga kadhaa kwa pamoja kabla ya upasuaji, mtu wa kwanza kupewa mchanganyiko huo kwa ugonjwa huo. Hakuna aliyemrushia shilingi! Profesa anapewa, mdogo wetu anaambiwa kompyuta imekataa.

Nesi wa Minneapolis
Pwani Moja, mtu mmoja ni habari, si ushahidi. Na yeye uvimbe ulikuwa haujamrudia wakati ule. Ulimrudia 2025, kasema mwenyewe hadharani. Hilo wazo la kutoa dawa kabla ya kisu, ili askari wauone uvimbe ukiwa bado mkubwa na waujue sura, lilipimwa kwa watu 35 ambao umewarudia, matokeo yakatoka 2019. Waliopata pembrolizumabu, nayo dawa ya kinga, kabla na baada ya upasuaji walifika miezi 13.7, waliopata baada tu miezi 7.5. Watu wachache, lakini wale nao waligawanywa kwa shilingi.
Dada, muulize mdogo wako kitu kimoja: deksamethasoni anameza kiasi gani? Inapunguza ubongo kuvimba, lakini inawalaza hao askari. ASIPUNGUZE MWENYEWE, amuulize daktari wake.

Bwana Kisu
Sasa nesi anaandika dozi. Madaktari wako wapi humu?

Nesi wa Minneapolis
Sijaandika dozi, nimeandika swali. Na nesi ndiye anayeshika beseni saa tisa usiku. Daktari anapita dakika nne, tena anatazama kompyuta.

Msafiri wa Muscat
Nesi, usikasirike, lakini Japani hawakungoja shilingi. 2021 waliidhinisha virusi vya malengelenge vilivyobadilishwa, vinachomwa ndani ya uvimbe wa ubongo vikaupasue na kuamsha kinga. Waliangalia wagonjwa 19, hakuna kundi la pili. Wakasema tumieni kwa masharti, miaka saba, tutapima huku tukienda. Je, Wajapani ni wajinga?

Nesi wa Minneapolis
Si wajinga. Ila miaka saba ikiisha, utawalinganisha na nani?

Bwana Kisu
Na walio hai je, watalinganishwa na nani? Mnisamehe jamani, nimekuwa mkali. Baba yangu alipewa sindano hospitali moja, tukaambiwa "hii mpya, nzuri". Hatukuonyeshwa karatasi hata moja. Kama ilikuwa dawa, kama ilikuwa maji, hadi leo sijui. Dada, mdogo wako kaonyeshwa karatasi. Neno panya nimelifuta.

Pwani Moja
Mimi naona swali la huku kwetu ni jingine. Sisi hata shilingi ya kurusha hatuna. Nimechangia MRI za watu watatu kwenye kikundi cha WhatsApp mwaka huu, na mmoja alifika siku ya kipimo mchango bado haujatimia, karudishwa nyumbani.

Msafiri wa Muscat
Hilo lianzishiwe mjadala wake.

Pwani Moja
Anzisha wewe mwenye riyali.

Dada wa Tandika
Nimempigia. Deksa anameza miligramu nne kwa siku, zamani kumi na sita, na Jumatatu atamuuliza daktari kama Nesi alivyosema. Nesi, asante, na nisamehe sikukujibu mwanzoni, nilikuwa nimeshachomwa. Nilimweleza habari ya panya, akacheka mpaka akakohoa. Kasema: "Mwambie huyo kaka, panya wa huku analipiwa maegesho ya gari." Nikamuuliza kama anaumia kukosa dawa mpya. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama mama ameshapaka rangi lile banda la kuku.

Bwana Kisu
Msalimie sana. Mwambie Kisu kasema samahani.

Kijana wa Msamvu
Mama Wawili, uko hapo? Hujanijibu. Ule uji ulikuja saa ngapi?

Mama Wawili
Saa saba mchana, mwanangu. Mlikuwa mmeshabebwa.