Mjadala: Je, kola ya shati iendelee kuwa sharti la kuingia kwenye uwanja wa gofu?

Mleta mada, Dodoma Mjini

Ndugu zangu, ninaileta mada hii kwa sababu ya fulana moja. Miezi michache iliyopita mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 16, alialikwa na mwenzake kwenye siku ya mafunzo ya vijana katika klabu moja ya gofu iliyo nje ya mkoa wetu. Tulitoka Dodoma alfajiri. Alikuwa amevaa suruali ya kitambaa aliyoinyoosha usiku kwa pasi ya mkaa, raba nyeupe alizozisugua kwa mswaki wa zamani, na fulana ya bluu ya shingo ya duara iliyokuwa safi kuliko shati nililovaa mimi. Getini alizuiwa. Mlinzi, ambaye alizungumza nasi kwa ustaarabu na kwa sauti ya chini kama mtu anayeionea haya kazi aliyotumwa, alitueleza kwamba hakuna anayeingia uwanjani bila nguo yenye kola, na kwamba fulana za kola zinauzwa hapo hapo klabuni. Bei aliyoitaja ilizidi nauli yetu wote wawili ya kwenda na kurudi.

Kijana hakulalamika. Kesho yake alikwenda kwa fundi cherehani mmoja pale Majengo, akiwa na kola aliyoifumua kutoka kwenye shati la shule la mdogo wake, akaomba ishonwe kwenye fulana ile ile. Siku nyingine ya mafunzo ilipofika tulirudi klabuni. Kola ilikuwa nyeupe iliyokwisha kufifia, ncha yake ya kushoto ilikuwa imejipinda juu, na mshono wa uzi mweusi ulionekana wazi kuizunguka shingo nzima. Mlinzi yule yule aliitazama, akafungua geti.

Tangu siku hiyo ninajiuliza ni kitu gani hasa kilichobadilika kati ya safari ya kwanza na ya pili. Mtoto alikuwa yule yule na adabu yake ile ile, na kwa kweli fulana ilikuwa nadhifu zaidi kabla haijashonwa kola.

Sisemi kwamba klabu zisiwe na masharti ya mavazi. Sharti la viatu ninalikubali bila ubishi, kwa kuwa kisigino chembamba au njumu ya chuma hutoboa zile nyasi fupi zilizo kwenye eneo la shimo, ambapo mpira unatakiwa kubingirika bila kikwazo, na mtu yeyote akielezwa hivyo anavua viatu mwenyewe. Sharti la kujisitiri nalo ninalielewa. Msimamo wangu ni kwamba sharti lolote la mavazi lina haki ya kuwepo pale tu ambapo mtu aliyesimama getini anaweza kumweleza mgeni sababu yake, naye mgeni akaondoka ameelewa hata kama hakufurahi. Kwa kola, mlinzi wetu hakuwa na la kusema zaidi ya kwamba ndivyo ilivyo.

Wapo wanaodhani kwamba kola ni sehemu ya mchezo wenyewe. Kanuni za Gofu, zinazosimamiwa na R&A taasisi yenye makao yake St Andrews, Uskochi, pamoja na USGA, chama cha gofu cha Marekani, zinahesabu hata fimbo zilizo kwenye mfuko wa mchezaji, zisizidi 14, lakini hazimwagizi mchezaji avae shati la aina gani. Jambo hilo limeachwa mikononi mwa kamati na klabu. Isitoshe, fulana ya kola yenye mikono mifupi tunayoitetea leo kama alama ya staha ilienezwa na mcheza tenisi wa Ufaransa, René Lacoste, katika miaka ya 1920, wakati ambapo wenzake walicheza kwa mashati ya mikono mirefu, na kwa macho ya wakati ule ilikuwa ni kulegeza utaratibu. Naye mcheza gofu wa Marekani, Tiger Woods, aliposhinda mashindano ya Masters mwaka 2019, kwenye klabu ya Augusta kule Marekani ambako masharti ni makali kuliko karibu kwingine kote, alikuwa amevaa fulana nyekundu yenye shingo iliyoinuka kidogo na isiyo na kola ya kukunja. Bingwa alivishwa koti la kijani, ambalo ndilo heshima ya mshindi wa Masters, juu ya fulana ambayo, kwa maneno ya mlinzi wetu, isingempitisha getini.

Ninaomba michango yenu, hasa ya wale wasiokubaliana nami.

Mchangiaji wa kwanza, mtumishi wa umma mstaafu, Kizota

Kijana wangu, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe, ingawa kisa chako kimenigusa. Mimi nimecheza gofu kwa zaidi ya miaka ishirini, katika vituo mbalimbali nilivyopangiwa kazi.

Klabu ni nyumba ya watu. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inawapa wananchi uhuru wa kujumuika, na watu wanaojumuika hujiwekea utaratibu wao. Ukienda msibani unajua uvaeje, ukienda msikitini au kanisani unajua, na hata hapa kwetu makao makuu, kwenye mageti ya ofisi nyingi, utakuta mchoro unaoonyesha mavazi yasiyoruhusiwa. Waraka kuhusu mavazi ya watumishi wa umma umekuwepo tangu mwaka 2007. Hakuna anayesema kwamba ofisi hizo zinawabagua wananchi. Nakumbuka pia upande wa pili wa jambo hili, maana nilikuwa mwanafunzi wakati Umoja wa Vijana wa TANU ulipoanzisha Operesheni Vijana na kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Ile niliiona kuwa si haki, kwa sababu barabara ni ya kila mtu na hakuna aliyepaswa kuburutwa akiwa njiani kwenda sokoni. Lakini uwanja wa klabu si barabara.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hamlitazami. Sharti moja kwa wote huficha tofauti zetu. Pale uwanjani nimecheza na mkurugenzi na nimecheza na karani, wote tukiwa na fulana ya kola na suruali ya kitambaa, na mgeni asingeweza kujua nani ni nani. Ondoa sharti, na kesho utaona mashindano ya nguo badala ya mashindano ya gofu. Sitaongelea sana jua la Dodoma, lakini mtu aliyetembea kwa muda wa saa nne chini ya jua la Oktoba anajua kola iliyoinuliwa inavyoisaidia shingo.

Na huyo mpwa wako, mimi simhurumii, ninamsifu. Alielewa kwamba anakwenda nyumbani kwa watu, akajiandaa kwa alichokuwa nacho. Ningekuwa getini siku ile ningempa mkono.

Mchangiaji wa pili, mama mcheza gofu, Ipagala

Shikamoo mzee wangu, na ndugu mleta mada salaam.

Nilijifunza gofu Lugalo, kwenye uwanja wa Jeshi la Wananchi jijini Dar es Salaam, kabla ya kuhamia Dodoma pamoja na ofisi yetu serikali ilipohamia huku. Mimi huvaa ushungi. Katika mashindano fulani, kwenye klabu ambayo sitaitaja, msimamizi alinisimamisha kabla ya kuanza na kuniambia kwamba hawezi kuthibitisha kama nina kola. Nilimweleza kwamba ninayo, ndani ya ushungi. Aliniomba, mbele ya wanaume tuliopangwa kucheza pamoja, niuinue ushungi ili aione. Mzee wangu, tafadhali lifikirie hilo kwa muda. Sharti linalotetewa kwa jina la staha lilinitaka nipunguze sitara yangu.

Nilikataa kuuinua, nikaruhusiwa baada ya mama mmoja wa kamati kunichukua pembeni na kuithibitisha kola yangu chooni. Nilicheza vibaya siku ile na mpaka leo sijaisahau.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba masharti haya yanapowafikia wanawake hugeuka kuwa kazi ya kupima miili. Mwaka 2017 chama cha wanawake wanaocheza gofu ya kulipwa Marekani, LPGA, kiliwaandikia wachezaji wake kuhusu urefu wa sketi na nguo zinazoacha kifua wazi, na kuweka faini ya dola 1,000 kwa kosa la kwanza. Hapa hapa Dodoma, tarehe 1 Juni 2021, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, aliagizwa na Spika Job Ndugai atoke ukumbini kwa sababu ya suruali aliyokuwa amevaa, baada ya mbunge mwanaume kusimama na kuilalamikia. Wakati huohuo, mjadala wa mavazi ya wanaume kwenye gofu umekuwa wa kuwaongezea nafasi: waandaaji wa mashindano ya kulipwa ya Ulaya (European Tour) waliwaruhusu kaptula siku za mazoezi mwaka 2016, na wenzao wa Marekani, PGA Tour, wakafuata mwaka 2019. Siombi masharti yafutwe. Ninaomba anayeyaandika aulize kwanza yatasimamiwaje, na nani, na kwa kumtazama nani.

Mchangiaji wa tatu, aliyewahi kuwa kedi (mbeba mfuko wa fimbo za mchezaji), Kondoa

Nitasema jambo moja tu. Kwenye klabu niliyobebea mifuko, sisi makedi tulivaa kizibao cha klabu juu ya fulana yoyote, na nyingi zilikuwa za shingo ya duara. Tulizunguka mashimo yote 18, tulikanyaga nyasi zile zile, tulisimama kando ya shimo tukishika bendera, na hakuna mwanachama aliyesema kwamba uwanja umevunjiwa heshima. Lakini siku tuliporuhusiwa kucheza sisi wenyewe, tuliambiwa tulete kola. Mzee wa Kizota anisaidie hapo.

Mleta mada anajibu

Shikamoo mzee, na asante kwa kunijibu kwa uzito. Dada wa Ipagala na ndugu wa Kondoa, mmelipeleka suala hili mbali kuliko nilivyokuwa nimelifikisha.

Mzee, kuhusu jua umenishinda, na nimeanza kuinua kola yangu mwenyewe. Lakini kanga shingoni au kofia yenye pazia la nyuma hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa hiyo kama sababu ni jua, basi tuandike jua na tukubali chochote kinachokinga. Hoja yako ya usawa ndiyo iliyonichukua muda. Sare ya shule huficha tofauti kwa sababu kitambaa ni kimoja na mshono ni mmoja. Kola haifichi. Kuna fulana ya kola ya mtumba wa soko la Sabasaba ambayo imelegea shingoni, na kuna ile inayouzwa klabuni yenye nembo kifuani, na mtu mzoefu huzitofautisha akiwa mbali. Wewe na karani wako mlifanana kwa sababu mlikuwa tayari ndani.

Kuhusu nyumba ya watu, nakubali kabisa kwamba wanachama wanaweza kuamua jinsi ya kuvaa katika chumba chao cha chakula, hata wakitaka tai. Tatizo ni kwamba siku ile klabu ilikuwa imewaalika vijana kujifunza, na mwenyeji aliyeita wageni hawezi kuwatajia sharti lake wakiwa wameshafika mlangoni baada ya kusafiri mamia ya kilomita. Ibara uliyoitaja ninaiheshimu. Naomba tuisome pamoja na ya 13, inayozungumzia usawa.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo ambayo kamati yoyote inaweza kuyafanya kwa kikao kimoja. Masharti yaandikwe kwa Kiswahili ndani ya mwaliko wenyewe, si getini. Kila sharti liandikwe pamoja na sababu yake, na lisilo na sababu liondolewe kwa wanaojifunza, makedi wakiwemo. Sitara ya mwanamke isikaguliwe na mtu yeyote uwanjani. Na kwa kuwa klabu zina vizibao vya makedi vilivyotundikwa stoo, ziongeze fulana chache za kuazima, ili anayekosea avishwe na aingie. Mzee, ikiwa bado una rafiki kwenye kamati hizo, ningekuomba uyafikishe haya kwao, kwa kuwa wewe watakusikiliza kabla yetu.

Mpwa wangu alirudi uwanjani mara mbili zaidi. Baada ya hapo aliifumua kola kwa wembe, uzi mmoja baada ya mwingine ili kitambaa kisichanike, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na mdogo wake hakuwa na shati jingine.