Wazazi wa Lindi tumechangishwa "ziara ya kimasomo", watoto wakaenda kuzungushwa Dar. Tunataka hesabu!

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie, hili jambo limenikaa kooni.

Mwanangu yuko kidato cha pili, sekondari ya serikali hapa hapa Lindi. Shule siitaji kwa sababu mtoto bado anasoma pale. Msimu wa korosho ulipochanganya tukaletewa barua: ziara ya kimasomo ya Historia na Jiografia, Dar es Salaam, mchango 90,000 kwa kila mwanafunzi. Siku ya mwisho ya kulipa wameipanga mara tu baada ya malipo ya mnada kuingia. Wanajua vizuri lini pesa ya AMCOS, chama chetu cha ushirika kinachouza korosho, inafika mkononi mwa mzazi. Na ukishaambiwa "kimasomo" utabisha nini? Nani anataka mwanawe abaki nyuma? Jirani yangu, mama mjane, korosho zake zilitoka daraja la chini, akauza mbuzi ili binti yake asibaki.

Basi liliondoka usiku. Watoto watatu watatu kwenye viti vya watu wawili, wengine wamekaa juu ya ndoo kwenye korido. Lindi mpaka Dar ni kama kilomita 450. Njiani basi likapata hitilafu, halafu foleni ya Mbagala, wakafika Makumbusho ya Taifa jioni geti limeshafungwa. Makumbusho ndiyo ilikuwa sababu ya safari nzima kwenye ile barua! Baada ya hapo wakapelekwa kuzunguka kwenye maduka makubwa, wakalala kwenye madarasa ya shule moja, asubuhi wakapelekwa ufukweni, mchana basi likageuza. Mtoto wa Lindi, ambaye akifungua mlango wa nyumba yao anaiona bahari, amelipiwa 90,000 kwenda kuoga kwenye bahari hiyo hiyo.

Nilimwomba anionyeshe daftari. Ukurasa wa ziara una kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula, tarehe, na mistari mitatu: tumeona maghorofa, tumepanda mwendokasi, tumekula chipsi kuku. Hakuna swali hata moja la mwalimu, kabla wala baada. Hakuna tiki wala sahihi. Somo la Historia la wiki iliyofuata likaendelea kutoka pale lilipoishia, ziara haikutajwa tena.

Sasa nisikilizeni kinachonichoma zaidi. Lile basi lilipita Nangurukuru usiku wa manane, watoto wamelala. Pale pale ndipo unapokata kwenda Kilwa Masoko. Kutoka Lindi mpaka Masoko haifiki nusu ya safari ya Dar. Unachukua kibali pale Masoko, unavuka kwa mashua, unashuka Kilwa Kisiwani, mahali palipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Japani kuja kupaona. Watoto wetu wamepitishwa hapo gizani wakielekea kwenye maduka.

Na mada yenyewe iko kwenye daftari la mwanangu! Biashara kati ya Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati, China na India, miji ya pwani, sarafu, dhahabu. Amekariri kwamba Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, kule pwani ya Msumbiji. Nikamuuliza, Kilwa iko wapi? Akafikiri, akasema Zanzibar. Huyu ni mtoto aliyezaliwa Mkoa wa Lindi.

Mwalimu aliyejiandaa angefanya nini pale? Angewasimamisha ndani ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Angewaambia Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alifika kisiwa hiki mwaka 1331, wakati wa sultani huyo huyo. Angewauliza: ukuta huu umejengwa bila saruji, umesimamaje karne zote hizi? Hapo mtoto anagusa jiwe la matumbawe kwa mkono wake, anaona chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa, na Jiografia na Kemia zinaingia kichwani bila fimbo. Angewaeleza kwamba sarafu ya shaba ya sultani huyo iliokotwa kule kwenye magofu ya Great Zimbabwe, bara kabisa. Mtoto akisimama pale akasikia hilo, "biashara ya masafa marefu" haitakuwa tena sentensi ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Halafu wateremke mpaka Gereza, ile ngome ya kale ya kisiwani, wajadili Wareno waliouvamia mji mwaka 1505 na nini kiliiangusha Kilwa. Siku moja tu hiyo, na walimu wa masomo matatu wanapata cha kufundishia wiki nzima.

Sijagusa hata vilima vya Matumbi, Nandete, ambako Julai 1905 wananchi waling'oa mipamba ya kulazimishwa na Vita vya Majimaji vikaanza. Ni wilaya hiyo hiyo ya Kilwa.

Na Tendaguru? Ni watoto wangapi wa Lindi wanajua kwamba kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huku kwetu mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, na kwamba yule mkubwa aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alitoka ardhi ya mkoa huu? Wapagazi, babu zetu, walibeba ile mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha juzi tu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina lake limo kwenye kumbukumbu za Wajerumani wenyewe. Kule porini hakuna jengo la kuonyesha, nakubali, lakini hata kuwapeleka watoto bandarini pale mjini, kwa miguu, bila senti tano, ukawaeleza habari hii wakiangalia maji, ni ziara ya kimasomo kuliko ile ya 90,000.

Kuna suala la usalama pia, na hapa sitanii. Mei 2017 kule Karatu basi dogo la shule lilitumbukia korongoni asubuhi, wanafunzi zaidi ya 30 wakafa wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani na wenzao. Nchi nzima ililia. Leo mtu anasafirisha watoto usiku kucha, wamekaa juu ya ndoo, na mzazi ukiuliza nani alilikagua lile basi unaambiwa una roho mbaya.

Walioshindwa kulipa? Walimu walikuwa safarini, kwa hiyo waliobaki hawakufundishwa chochote. Walifyekeshwa nyasi. Elimu bila malipo tunaambiwa ipo tangu 2016, na kuna mtoto amefyeka uwanja kwa sababu baba yake hana 90,000.

NYONGEZA: Nimeona mchangiaji hapo chini anasema watoto wa kusini nao wana haki ya kuona jiji. Wana haki, sijakataa. Basi andikeni kwenye barua "safari ya kutembea Dar", mzazi aamue akiwa anajua. Mwingine anasema walimu wamechoka, mishahara midogo, wapumue na wao. Mkuu, nawaheshimu walimu sana, lakini pumziko la mwalimu halilipwi na mbuzi wa mjane.

Mwingine ameuliza, Mtwara kuna nini? Kuna Mikindani, mji wa kale, boma la Wajerumani la 1895 bado limesimama, na ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kuna Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho. Watoto wetu wanapuliza salfa kila msimu na hawajawahi kuelezwa ubwiri unga ni ugonjwa gani, unaeneaje, wala kuona mche unavyobebeshwa, yaani kuunganishwa na kikonyo cha mkorosho mwingine. Wangerudi na kitu cha kumfundisha baba yao shambani. Lindi na Mtwara unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, mchana.

Ninachotaka ni mambo mawili. Mapato na matumizi ya ile ziara yabandikwe ubaoni: basi lilikodiwa kwa shilingi ngapi, chakula ngapi, chenji iko wapi. Na ziara ijayo mwalimu wa somo alete kwanza kwa wazazi maswali ambayo watoto wataenda kuyajibu huko, ndipo tuzungumze pesa.

Kikao cha wazazi ni Ijumaa. Mwenye kujua barua ya kudai hesabu za michango inaanzia kwa mkuu wa shule, bodi, au napeleka moja kwa moja kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri, aniandikie hapa kabla ya Alhamisi jioni. Na wazazi wa Nachingwea, Ruangwa na Masasi, kama kwenu zimeshafika barua za namna hii, wekeni kiasi mlichotajiwa na mahali watoto wanapopelekwa.