Natafuta mnasihi anayejua nilikotoka bila kunijua mimi (niko Louisville)

BintiFizi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naandika saa nane ya usiku, nimetoka zamu na watoto wamelala.

Niko Louisville, Kentucky, tangu 2016. Nimezaliwa Fizi, Kivu Kusini, ila nimekulia kambini Nyarugusu, kule Kasulu. Tulivuka ziwa nikiwa mgongoni kwa mama. Kazi yangu ni usafi hospitalini. Tangu nijifungue mtoto wa tatu, usingizi umenikimbia. Mtoto halii, analala vizuri tu, ni mimi ninayeangalia dari. Kichwa kinakuwa cha moto, moyo unaenda mbio, mawazo hayakatiki. Daktari wa mtoto ndiye aliyeshtuka. Alinijazisha karatasi ya maswali kumi ambayo hupewa akina mama waliojifungua, akaniandikia niende kwa mnasihi.

Mnasihi ni mama wa Kimarekani, mweupe, mtu mzima, mpole kweli. Sina ubaya naye. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanaume, Kiswahili chake cha pwani. Nikasema, "Nina mawazo mengi." Kiingereza changu si kingi lakini nilisikia alivyokitafsiri: kwamba nina fikra nyingi, kama mtu anayepanga biashara. Yule mama akatabasamu, akauliza ni fikra gani hizo. Nikanyamaza, sikujua pa kuanzia.

Kipindi cha pili nikasema kwamba namsikia marehemu mama. Akaandika kwa muda mrefu. Kipindi cha tatu akaniuliza kama sauti hizo zinaniambia nimdhuru mtoto. Jamani, niliganda. Kila mama wa kwetu aliyeko huku anajua hofu ya kunyang'anywa watoto. Na mimi nilichosema ni kitu ambacho kwetu mtu yeyote aliyefiwa husema: nikikoroga uji asubuhi, namsikia mama akinigombeza kwamba moto ni mkali, utaungua. Naipenda ile sauti. Ndiyo inayonisukuma niamke.

Vipindi vilivyobaki nilikuwa natoa maelezo. Kambi ni nini. Siku ya mgao inakuwaje. Kwa nini miaka karibu ishirini mahali pamoja, kwa nini hatukurudi kwetu. Muda unaisha, natoka nimechoka, na kilichonipeleka hakijaguswa.

Nikaanza kutafuta mtu wetu, nikapata wawili. Wa kwanza ni mama mwenye heshima, amesomea ustawi wa jamii, ana leseni. Lakini tunaimba naye kwaya moja, na mama mkwe wangu ni rafiki wa mama mkwe wake. Nikilia mbele yake Jumanne, Jumapili nasimamaje naye sauti moja? Wa pili ni Mkongomani, ila ni wa upande ule ambao watu wa Fizi na Uvira mtanielewa bila mimi kuutaja. Simlaumu hata kidogo. Vita vilipoanza na yeye alikuwa mtoto kama mimi, na huenda kwao wamezika kuliko sisi. Lakini nikiwaza kumsimulia habari za baba, ulimi unakauka. Naona aibu kuliandika hili, nimeliandika kwa sababu ndiyo kweli.

Swali langu: kuna njia ya kumpata mtu anayejua nilikotoka bila kunijua mimi? Na kama siwezi kupata vyote, yaani lugha, rangi, dini, jinsia, kabila, ning'ang'anie kipi kwanza? Bima yangu ni Medicaid, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

MkalimaniOhio

Pole sana dada yangu. Nafanya ukalimani wa simu kwa mwaka wa tisa, na hilo la "mawazo" limeniuma kwa sababu ni kosa la upande wetu. Tunafundishwa kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza, sawa, lakini neno likiwa na maana inayopotea tunaruhusiwa kusimamisha mazungumzo na kusema, "Mkalimani anaomba kufafanua." Yule bwana alipaswa kusema kwamba Mswahili akisema ana mawazo, anazungumzia mzigo. Tena watu wa afya wa huku wanalijua jambo lenyewe. Karatasi ya maswali 15 ambayo kliniki nyingi huwajazisha wakimbizi wapya ina swali kabisa kuhusu kuwaza kupita kiasi.

Sasa nikupe yale ambayo wengi hawaambiwi. Kliniki inayopokea Medicaid inalazimika kukupa mkalimani bure; msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Unaweza kuomba mwanamke. Unaweza kuomba Kiswahili cha Kongo, kampuni kadhaa hukiorodhesha peke yake. Ukiona hamwelewani, mwambie mnasihi abadilishe hapo hapo, hakuna atakayekukasirikia. Sisi tunajitambulisha kwa namba, na mnasihi hana haja ya kutaja jina lako. Asubuhi naweza kuwa natafsiria mtu wa Texas, jioni wa Maine, na mwisho wa siku sijui hata mmoja anaitwa nani. Ukimpata uliyemwelewa, andika namba yake, kliniki imwombe tena.

Na lile la sauti ya mama usiliache likae kwenye faili jinsi lilivyo. Sheria ya faragha ya wagonjwa inakupa haki ya kuona kumbukumbu zako na kuomba zirekebishwe. Lipeleke mwenyewe, kwa maneno uliyotuandikia hapa. Huo uji umenifikia mpaka mimi.

MngujaLeyton

Assalaam alaykum dada, na poleni nyumbani. Mimi ni mtu wa Unguja, niko London mashariki mwaka wa kumi na nne. Niliwahi kusimamishwa na polisi mara tatu ndani ya mwezi mmoja, nikafika mahali nikiona gari lao natetemeka mikono. Nilitaka mnasihi mwanaume, Muislamu, Mswahili. Huyo sikumpata mpaka leo.

Hapa Uingereza kuna mtandao wa wanasihi Weusi, Waafrika na Waasia, BAATN, ulioanzishwa na Eugene Ellis mwaka 2003. Una orodha, unatafuta mwenyewe. Nikampata mama aliyezaliwa Birmingham, wazee wake wa Jamaica, Mkristo. Nilikwenda shingo upande. Siku ya kwanza nikamwambia habari ya polisi, akaniuliza swali moja tu: "Ulikuwa na mtoto ndani ya gari?" Nilikuwa naye. Hakuuliza kama labda walikuwa na sababu. Nililia pale kama sijawahi kulia tangu mazishi ya baba.

Kwa hiyo kwa swali lako la kipi kwanza, mimi nitakwambia angalia kidonda kiko wapi. Changu kilikuwa kwenye rangi, lugha ingeweza kusubiri. Nilipofiwa na dada yangu Unguja, yule mama wa Birmingham hakunifaa sana, nikamwendea sheikh na nikapiga simu nyumbani kila usiku. Watu wawili, maumivu mawili.

Kuhusu yule wa kwaya: umefanya vizuri kusita. Hata yeye, maadili ya kazi yake yanamtaka aepuke kumhudumia mtu wanayeishi naye karibu hivyo. Lakini anaweza kukuelekeza kwa mwenzake wa mji mwingine, bila wewe kumwambia neno la yaliyo moyoni.

NjeriMinnesota

Dada, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya unasihi, Minneapolis, kwa hiyo niseme ninayoyasoma. Wanasaikolojia Weusi nchini hapa ni kama wanne au watano katika kila mia, na mwenye Kiswahili ndani ya hao ni wa kutafuta kwa tochi. Orodha inayosaidia wanawake Weusi inaitwa Therapy for Black Girls. Aliianzisha mwanasaikolojia Joy Harden Bradford wa Atlanta mwaka 2014. Unatafuta kwa jimbo. Wengi ni Wamarekani Weusi, lakini utakuta na waliozaliwa Afrika.

Jambo la leseni: mnasihi lazima awe na ruhusa ya kufanya kazi katika jimbo ulipoketi wewe wakati wa kipindi. Ndiyo maana huwezi kumchukua tu mtu mzuri wa Nairobi kwa video. Lakini yupo wa Lexington au Bowling Green, huko huko Kentucky, anayeweza kukuhudumia kwa video, na hakujui kabisa! Wanasaikolojia nao wana mkataba wa majimbo, PSYPACT, unaowaruhusu kumhudumia kwa video mtu wa jimbo jingine, na Kentucky imo. Wengi hukubali simu ya dakika 15 bila malipo. Tumia hizo dakika kumuuliza: umewahi kuhudumia wakimbizi? Mtu akikwambia anamsikia marehemu mama yake, utafikiri nini?

Niongeze kitu ambacho hutapenda. Watafiti Cabral na Smith mwaka 2011 walikusanya tafiti nyingi kuhusu mnasihi na mteja wa jamii moja. Walikuta watu wanapendelea sana mnasihi wa jamii yao, na wakimpata humwona bora kidogo, lakini kwenye kupona tofauti ilikuwa karibu na sifuri. Kwa Wamarekani Weusi ilionekana kidogo zaidi. Nilipoisoma nilibisha darasani, maana hakuna aliyewapima akina mama wa Nyarugusu. Hata hivyo nakuomba, usimwache yule mama kabla hujampata mwingine. Hujalala tangu mtoto azaliwe. Na ikiwa mbaya usiku, piga 988, namba ya msaada kwa aliyelemewa moyoni, useme "Swahili", watakuunganisha na mkalimani.

BintiFizi

Asanteni sana, kaka zangu na dada Njeri. Nimechelewa kurudi, wiki tatu zimepita.

Nilirudi kwa yule mama. Niliomba mkalimani mwanamke, Kiswahili cha Kongo. Alipofungua mdomo tu nikajua ni wa Bukavu au karibu na hapo. Nikasema upya habari ya uji. Alichukua muda kutafsiri, akaomba kufafanua, kama alivyosema kaka wa Ohio. Mnasihi akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Samahani, niliogopa nikakuogopesha na wewe." Akarekebisha faili mbele yangu, akanisomea. Usiku ule nililala saa tano mfululizo.

Kaka wa Leyton, nimewaza sana maneno yako ya kidonda. Nilidhani changu kiko kwenye lugha. Nafikiri kiko kwa mama. Nataka mtu ambaye nikimtaja mama hatashtuka.

Nilipiga simu tano kutoka kwenye orodha. Watatu hawapokei Medicaid, mmoja hakurudisha simu. Wa tano yuko Lexington, amezaliwa Kisumu, kwa video. Kiswahili chake kimechanganyika na Kiingereza, kabila letu hata hakulijua. Nikamuuliza lile swali la marehemu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Wangu hunigombeza kuhusu kufunga milango."

Tunaanza Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi. Mume wangu amebadilishana zamu ili abaki na mtoto.